Walimu wa Kiingereza ughaibuni: tunadai heshima kwa waajiri huku wenyewe tunavuana nguo

Dada Chaki (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, atarudi jioni akitulia.

Nafundisha Kiingereza Thailand, upande wa kaskazini mashariki, kanda ya Isan. Nyumbani nilikuwa mwalimu wa sekondari, Kiingereza na Historia, shahada ya ualimu kabisa na mazoezi ya kufundisha nimepita. Humu jukwaani nyuzi za "nitafikaje Asia" zimejaa: mawakala, viza, mishahara. Za kueleza tunavyoishi sisi kwa sisi tukishafika sijaziona, na huko ndiko kunakooza.

Nianze na hili. Kuna mwalimu Mfilipino, mama mtu mzima aliyesomea ualimu na kufundisha kwao muda mrefu kabla ya kuja huku. Aliwafundisha watoto wa mwaka wa pili wa sekondari sentensi "I have just eaten". Akaiandika ubaoni, akachora mstari wa wakati chini yake, watoto wakanakili. Kipindi kilichofuata akaingia kijana wa Kimarekani, akakuta ubao haujafutwa. Akauliza huku anacheka, nani kawafundisha hivi, sisi tunasema "I just ate". Akachukua kalamu nyekundu akaikata sentensi nzima kwa mstari mmoja.

Mwalimu yeyote aliyepitia sarufi anajua zote mbili ni sahihi, moja imezoeleka zaidi Uingereza, nyingine Marekani. Kijana hakujua kwa sababu hajawahi kufundishwa kufundisha, shahada yake ni ya masoko. Ila watoto siku ile hawakujifunza sarufi. Walijifunza kwamba yule mama si mwalimu kamili. Ikawa kila akiandika kitu kuna anayenyoosha mkono: "Teacher, are you sure?"

Na fungua tangazo lolote la kazi huku uone. Mara nyingi kuna mistari miwili: mzungumzaji wa asili baht 35,000 hadi 40,000, asiye wa asili 18,000 hadi 25,000. Vipindi vilevile, watoto walewale, zamu ya getini asubuhi ileile. Wafilipino na sisi Waafrika tunaangukia mstari wa pili. Hilo la mwajiri nalijua na nalipigia kelele kila nikipata nafasi. Lakini yule kijana wa kalamu nyekundu hakutumwa na mwajiri.

Kwa msiojua huku, mwalimu anaitwa khru na ana nafasi yake. Kila mwaka mwezi wa Juni, kwa kawaida Alhamisi, shule zinafanya Wai Khru, siku ya kuwasujudia walimu. Watoto wanakuja na visinia vya maua waliyoyafunga wenyewe: maua mekundu yenye vichomozi vikali kama sindano, yaani akili kali, ua la biringanya, kwa sababu linainamisha kichwa, na ukoka, huu huu tunaoung'oa mashambani, kwa sababu ukitupwa popote unatambaa. Wanasogea kwa magoti hadi kwenye viti vya walimu, wanainama hadi chini, wanakabidhi. Mwalimu mgeni naye kakaa pale mbele, amefika nchini juzi tu, mtoto hajui hata jina lake. Nimeona mtu anapokea maua yale miwani ya jua ikiwa kichwani, mkono mmoja anajipiga picha.

Hapo ndipo ninapopata tabu. Heshima tunapewa ya mkopo, kabla hatujafundisha hata herufi moja, halafu tunaitumia kana kwamba tumeichuma.

Sheria zipo. Thailand ina baraza la walimu, Khurusapha, linalofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2003. Leseni kamili ni ya aliyesomea ualimu. Asiyesomea, shule inamwombea kibali cha muda cha miaka 2. Usipotoka kwenye nchi zinazohesabiwa kuwa za Kiingereza, unadaiwa na mtihani wa Kiingereza juu, kwa kawaida TOEIC alama 600. Kwa hiyo mimi, niliyesoma sekondari na chuo kwa Kiingereza, nilikaa chumba cha mtihani kusikiliza kanda za matangazo ya uwanja wa ndege. Kijana wa masoko hakuulizwa kitu.

Lakini ukaguzi mwingine tumejiletea wenyewe, tuwe wakweli. Agosti 2006 Mmarekani John Mark Karr alikamatwa Bangkok akiwa ndiyo kwanza ameanza kazi shuleni. Alidai amemuua mtoto JonBenét Ramsey kule Marekani. Vinasaba vikamkana, ila kila mzazi alibaki anajiuliza shule ilimchunguza vipi. Oktoba 2007 akakamatwa hapa hapa Thailand Mkanada Christopher Paul Neil, aliyesakwa na Interpol kwa kuwadhalilisha watoto. Alikuwa amefundisha Korea Kusini. Korea ikaja juu: cheti cha polisi na vipimo vya afya kwa walimu wa lugha wa kigeni, VVU ikiwemo. Hicho cha VVU kilikuwa uonevu. Mwalimu mmoja wa New Zealand aligoma kupimwa tena, na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ya kupinga ubaguzi wa rangi ikampa haki. 2017 Korea ikakiondoa. Cheti cha polisi sina ugomvi nacho hata kidogo. Kikaguliwe mara mbili.

Kuna na wale wa kuyeyuka. Mshahara umeingia mwisho wa mwezi, asubuhi kiti kitupu, simu haipatikani, mtu yuko Vietnam. Anayemrithi anakuta Po Po 5, kile kitabu cha alama na mahudhurio, cheupe peee. Muhula unaisha na ofisi inataka alama za watoto mia kadhaa. Niliombwa nizitunge. Nilikataa, tukawapa jaribio la haraka, mwalimu mwenzangu Mthai akanisaidia kusahihisha hadi usiku, na hakuna aliyetulipa kwa hilo.

Hoja yangu kwa wote mlioko nje: kuna mambo ambayo mwajiri hahusiki nayo hata kidogo na ndiyo yanayotushusha. Usimkosoe mwenzako mbele ya wanafunzi, mfuate ofisini. Ukiondoka, acha azimio la kazi na alama. Usiseme umetoka nchi usiyotoka. Karibuni, kwa hoja tafadhali.

---

Kimbunga255

Hela inaingia? Basi. Mengine ni kelele za watu wenye muda.

---

Mzee wa Ubao

Dada Chaki, ahsante kwa bandiko. Mimi sijawahi kutoka nje, chaki yangu yote nimeimalizia Singida na Dodoma. Hilo la kumpinga mwenzio mbele ya darasa hata huku lipo, na chuoni tulikatazwa wiki ya kwanza kabisa.

Ila tusiwacheke sana hao wa shahada za masoko. Aprili 2017 uhakiki wa serikali uliwakuta watumishi zaidi ya 9,900 na vyeti vya kughushi, na walimu walikuwemo. Tunalijua gonjwa hili nyumbani kwetu.

Halafu hukutuambia yule mama wa Kifilipino ilikuwaje.

---

Dada Chaki

Shikamoo mzee wangu. Alimngoja hadi saa ya chakula, ofisi ikiwa tupu, akamwekea kitabu cha sarufi mezani kikiwa kimefunguliwa ukurasa husika, akaondoka kwenda kula. Hakusema neno. Kijana hakuomba radhi ila hakurudia. Kwa watoto lakini tope lilishaganda. Mimi na mwalimu wa Kithai tulipanga kipindi cha pamoja tukafundisha sentensi zote mbili, mama akiwa ndiye kiongozi wa kipindi. Ilisaidia kiasi.

Kimbunga255, hela inaingia ndiyo. Kwa mstari wa pili.

---

Mkenya Chengdu

Sasa Dada Chaki, nimesoma yote. Kwa mengi niko nawe. Lakini hiyo "usiseme umetoka nchi usiyotoka" umeiandika kama mtu aliye na kibali halali mfukoni.

Wacha nieleze hali ya China. Kibali cha mwalimu wa lugha kinatolewa kwa mtu anayefundisha lugha yake ya mama, na orodha inayotumika ni Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Mkenya hayumo. Uwe na shahada ya ualimu, uwe na namba ya TSC, tume ya walimu ya Kenya, uwe umefundisha kidato cha nne hadi wakapata A, hayumo tu. Wengine wetu tumepenya kwa kufundisha hesabu au sayansi kwa Kiingereza, na hiyo ni halali. Wengine wanafundisha wakiwa na viza ya masomo au ya biashara. Sheria iliyoanza Julai 2013 iko wazi: faini ya yuan 5,000 hadi 20,000, na kosa likiwa zito unakaa ndani siku 5 hadi 15. Mwajiri anapigwa yuan 10,000 kwa kila mtu aliyemwajiri hivyo, analipa, kesho anafungua shule. Wewe unapandishwa ndege.

Mtu aliye katika hali hiyo, wakala anamwambia "mzazi akiuliza, sema Cape Town". Unataka afanyeje? Mimi simtetei. Nasema heshima ya kitaaluma inaanzia kwa makaratasi, na makaratasi hayako mikononi mwetu.

Na hata ukiwa na kila kitu, Julai 2021 serikali ilifunga biashara ya masomo ya ziada kwa watoto wa darasa la kwanza hadi la tisa, na kampuni za mtandaoni zikakatazwa kutumia walimu walio nje ya nchi. Kwa miezi michache tu soko zima lilikuwa chini. Mwenye vyeti na asiye na vyeti wakafagiwa na ufagio mmoja. Hayo maadili yako yangemwokoa nani?

---

Dada Chaki

Mwalimu, karatasi nakubali. Orodha ile ya nchi saba haina uhusiano wowote na ufundishaji, ni ya pasipoti. Nigeria, Ghana, Kenya, Uganda, watu wanasoma kwa Kiingereza tangu wadogo, na hawamo.

Lakini fuatilia hiyo Cape Town inaishia wapi. Mwalimu ni mzuri, watoto wanampenda, wazazi wanamsifia. Shule inaandika kichwani mwake: Waafrika Kusini wanafundisha vizuri. Miaka mitatu baadaye anakuja Mkenya mwingine na barua yake safi, anaambiwa Wakenya hatujawahi kuwa nao, hatujui kama wanaweza. Sifa zote za yule wa kwanza zimehesabiwa kwa nchi nyingine. Kila anayekubali uongo huo anawafungia mlango wanaomfuata kwa kazi yake nzuri mwenyewe.

---

Mkenya Chengdu

Hiyo imeniingia, sitasema uongo. Ila kodi ya nyumba mwezi huu hailipwi na Mkenya wa miaka mitatu ijayo.

---

Bin Mwera

Assalaam alaykum jamani. Mie niko Muscat, nataka niwape kisa cha huku kwa sababu kinahusu watu wetu.

Mwaka 1970 Sultan Qaboos aliposhika nchi, Oman nzima ilikuwa na skuli 3 za serikali na wanafunzi wasiofika 1,000, wote wanaume. Walimu ikabidi watolewe nje: Misri, Yordani, Sudan na kwengineko. Na Waomani waliokuwa Zanzibar na pwani ya Afrika Mashariki wakaanza kurudi, wengi wao wamesoma kwa Kiingereza, Kiarabu chao cha kubabaisha. Kiingereza kile ndicho kilichowaingiza kazini, maofisini, kwenye mafuta na maskulini. Wazee wetu wanavosimulia, hakuna aliyewauliza kama Kiingereza chao ni cha kuzaliwa nacho. Waliulizwa wamesoma wapi na wanaweza nini.

Sasa hivi skuli za serikali zina walimu wengi wa Kiingereza Waomani wenyewe, wageni tumebaki zaidi skuli za watu binafsi na vyuoni. Kitu ninachokipenda huku ni mkaguzi wa somo. Anaingia darasani, anakaa nyuma, anaandika, mkitoka mnakaa pamoja anakwambia hapa ulikwenda mbio, pale watoto wawili wa pembeni hukuwatazama kabisa. Mbele ya wanafunzi hasemi kitu. Muingereza anaandikwa, na mie naandikwa. Siku ya kwanza inakera, walahi. Lakini baada ya hapo hamna wa kumdharau mwenzie, maana kila mtu mapungufu yake yako kwenye karatasi.

---

Ugali na Sushi

Naandika kutoka Japani. Dada Chaki, nakuheshimu, lakini naona unaliweka jambo hili kama suala la tabia njema. Kwangu ni suala la umoja.

Oktoba 2007 Nova ilifilisika. Ilikuwa ndiyo kampuni kubwa kuliko zote ya shule za mazungumzo ya Kiingereza nchini, walimu wa kigeni maelfu. Mishahara haikulipwa, na wengi walikuwa wamepangiwa nyumba na kampuni hiyohiyo, kodi ilikatwa kwenye mshahara lakini mwenye nyumba hakuiona. Watu walikwama bila nauli. Chama cha wafanyakazi kikaanzisha mpango wa somo kwa chakula: mwanafunzi analeta mchele au supu, mwalimu anafundisha. Wenye shahada za uzamili na waliokuja kutalii walipanga foleni moja.

Desemba mwaka huohuo walimu wa Berlitz, kampuni nyingine ya shule za lugha, walianza mgomo wa nyongeza ya mshahara. Siyo wa kukaa nyumbani, ni wa vipindi, unasusia kipindi hiki, kesho mwingine anasusia kile, karibu mwaka mzima. Kampuni ikawashtaki viongozi wao ikidai yen milioni 110 kwa kila mmoja. Februari 2012 mahakama ya Tokyo ikaitupa kesi. Katika mgomo ule hakuna aliyemuuliza mwenzake Kiingereza chako cha wapi. Ukitaka yule kijana wa kalamu nyekundu amheshimu mama wa Kifilipino, waweke kwenye chama kimoja chenye madai mamoja.

---

Dada Chaki

Ugali na Sushi, umenipa cha kufikiri, ila kuna jambo: Thailand mgeni hana uhuru wa kuunda chama kama huko, na viza yangu imefungwa kwa shule yangu. Nikianza kuitisha mikutano nitakuwa naandika uzi unaofuata nikiwa Kibaha. Nilicho nacho leo ni ofisi ya walimu sita na ubao. Naanzia hapo.

---

Fundi Sarufi

Mbona hamgusi vyeti vya kufundisha Kiingereza vya mtandaoni? Hapa ndipo viwango vinapouzwa kwa kilo. Cheti cha saa 120 unakipata wikiendi moja ukijua kubofya, maswali ya kuchagua, ukikosea unarudia hadi upate. Mtu hajasimama mbele ya mtoto hata mmoja, na karatasi inasema amehitimu kufundisha.

Linganisha na CELTA ya Cambridge. Nayo ni ya saa 120 hivi, ila lazima ufundishe saa 6 wanafunzi halisi huku mkufunzi na wenzako wanakutazama, na wewe uwatazame walimu wazoefu saa 6. Nilikuwa na mwenzangu aliyelia siku ya pili kwa sababu aliambiwa ameongea dakika 34 kati ya 40. Hakuna mtandao wowote utakaokuambia hivyo. Tatizo, bei yake ni mishahara ya miezi kadhaa ya mwalimu wa kwetu, kwa hiyo wengi wanaikosa si kwa uvivu.

Na mnielewe: shahada zetu za ualimu zina mazoezi ya kufundisha ya wiki kadhaa. Saa za darasani tunawazidi hao wa CELTA mbali sana. Shida ni kwamba wakala wa Bangkok hajui kuisoma transkripti ya Dodoma. Mkiomba kazi, ambatanisheni ukurasa mmoja unaoeleza mazoezi yenu: shule gani, darasa gani, wanafunzi wangapi, nani alikagua. Mimi nilifanya hivyo na mahojiano yalibadilika kabisa, wakaanza kuniuliza kuhusu kufundisha badala ya kuhusu lafudhi.

---

Kimbunga255

Fundi huo ukurasa mmoja hebu weka sampuli hapa.

---

Fundi Sarufi

Umekuwa mtu wa kelele na wewe? Nitaweka jioni.

---

Mgeni Njiani

Wakuu samahani kwa kuingilia. Mimi nina diploma ya ualimu, si shahada, nimefundisha shule ya msingi. Kuna wakala ananiambia Thailand inawezekana, yeye "atamaliza upande wa shahada" kwa dola 300. Dada Chaki unasemaje?

---

Dada Chaki

Mdogo wangu, kimbia. Kibali cha kazi ya ualimu huku kinataka shahada, na anachotaka kukumalizia ni karatasi ya kuchapwa. Bangkok kuna mtaa wa Khao San ambao miaka na miaka umejulikana kwa kuuza shahada feki mezani kama miwani ya jua. Shule ikiandika barua chuoni kuuliza, unakamatwa kwa kughushi, na hapo hakuna ubalozi utakaokutoa haraka. Kama una nia, jiunge na Chuo Kikuu Huria umalizie shahada ukiwa kazini, uzoefu wako wa darasani utahesabika.

Ukishaipata, anza na cheti cha polisi na uhakiki wa vyeti mapema, hivyo ndivyo vinavyochelewa, na usiingie Thailand kwa viza ya utalii ukiahidiwa kubadilishiwa ndani. Wengi huishia kusafiri hadi Savannakhet kule Laos kuomba upya kwa gharama zao. Jina la huyo wakala nitumie inbox, nataka nione kama ndiye yule yule aliyewaleta wawili wa mwaka jana.